Mlango Nisioutembeza

Wenzangu mliobaki karakanani mna haki ya kunung'unika. Tangu nilipoachiwa meza ya rangi, sikuruhusu gari lolote lipakwe kabla kipande chake hakijabebwa kichwani, kikapitishwa mtaani hadi uwanjani, kikatazamwa asubuhi, adhuhuri na alasiri. Mmebeba milango, mmebeba madigadi, na mmoja wenu alibeba boneti siku ya mvua akaniangalia kwa jicho ambalo sijalisahau. Mlikuwa mkisema kuwa hiyo ni ada ya kizee na kwamba taa za umeme zinatosha. Nilisikia. Sikujibu, kwa sababu jibu lake lina aibu ndani yake, na mtu huona tabu kuwaeleza aibu yake watu anaowaamuru. Sasa siwaamuru tena. Kifua changu kimekataa tapentaini, daktari kanikalisha nyumbani, na nyumbani kuna nafasi kubwa ya kuandika.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kwa Fundi Feruzi, mtu wa Jang'ombe ambaye wazee wake walitoka bara. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chembamba katika kichochoro cha Mkunazini, ambamo punda mwenye mzigo akipita watu hujibana ukutani. Gari lisingeweza kuingia. Magari yalisimama kwenye uwanja wa wazi upande wa Darajani, ambako tulikuwa na banda la makuti, na rangi ilichanganywa ndani kichochoroni, mbali na vumbi na upepo. Kwa hivyo rangi ilizaliwa mahali pamoja ikaenda kuishi pengine. Mtego ulikuwa hapo tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nikiupita kila asubuhi bila kuuona.

Siku hiyo ya kwanza sikupewa brashi. Nilipewa jiwe la kusagia, unga wa rangi na mafuta ya kitani, nikaambiwa nisage mpaka mchanga usisikike.

"Unasikia nini?" Feruzi aliniuliza baada ya muda mrefu.

"Sisikii kitu, fundi."

"Saga. Mchanga upo, sikio lako ndilo halijafika."

Jambo la pili alilonifundisha lilikuwa kutotaja rangi bila kutaja kitu. Nikisema kijani, aliuliza, "Kijani cha nini?" Nikisema cha majani, aliuliza majani ya mpera au ya mdimu, upande wa juu au wa chini, yamenyeshewa au makavu. Mwanzo niliona ni uchokozi. Baadaye nikaelewa kuwa majina ya rangi ni machache mno kwa kazi yetu. Mtu mmoja akisema kijani na mwengine akaitikia kijani, kila mmoja huwa anaona chake.

Mimi nilikuwa na njia zangu. Skuli niliisoma kidogo tu. Kiingereza nilijifunza mwenyewe kwenye makopo ya rangi, kwa kamusi iliyokatika jalada. Nilijua maneno ya kukauka, kuganda na kuwaka moto kabla sijajua kumwamkia mtu kwa lugha hiyo. Nilipima kila unga kwa kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, nikapaka kila mchanganyiko kwenye kibao na kukipa namba. Niliamini kuwa rangi ni hesabu. Feruzi hakupima. Alichota kwa ncha ya kikwangulio, akatazama, akachota tena. Mara nyingi tulifika kwenye rangi moja, na hilo lilinipa kiburi zaidi ya lilivyonipa adabu.

Jambo la tatu ndilo la kichwa cha maneno haya. Feruzi aliliita kutembeza rangi. Rangi ikishapatana karakanani, alichukua kile kipande cha gari, mara nyingi mlango, akakiweka kichwani juu ya kata ya kitambaa, akakunja kanzu na kupita nacho kichochoro kizima hadi uwanjani. Huko alikitazama chini ya jua akarudi nacho. Saa za adhuhuri akatoka nacho tena, na alasiri tena.

Njiani alikuwapo Saidi Kinyozi, aliyeweka kiti chake nje ya mlango wake, hatua chache kutoka kwetu. Saidi aliona kila kilichopita na hakuna alichokiacha kipite bure.

"Fundi Feruzi, mlango huo umeshaposwa?"

"Umeolewa zamani. Nnaupeleka kwa mumewe."

"Na mie sikualikwa kumnyoa bwana harusi?"

"Mumewe lori. Hana nywele. Ungekwenda kufanya nini, kumsugua mataili?"

Baraza zima hucheka, na Feruzi huenda zake na mlango wake, shingo imenyooka. Mimi nilifuata nyuma, mbali kidogo, mikono mitupu, nikijitia kutazama madirisha. Niliona haya kwa niaba yake. Fundi ambaye watu walitoka Mkokotoni kumtafuta, anabeba chuma kichwani kama mchukuzi wa forodhani. Zaidi ya hayo, Saidi Kinyozi alikuwa ami yake Asha, na mimi nilikuwa nimepeleka posa kwa baba yake Asha, Bwana Hemedi, ambaye kila alasiri alikuja kukaa kwenye baraza ya nduguye. Jibu lilikuwa bado. Nilitaka Bwana Hemedi anione nimesimama mezani na kijiko changu. Sikutaka anione chini ya mlango.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Bi Zuhura alipoleta lori lake.

Lilivutwa kutoka Mbweni kwa kamba, nyuma ya lori jengine. Mumewe, marehemu Mzee Vuai, alilinunua jipya miaka mingi kabla ya vita, akalitumia kuchukua nazi na kuni kutoka pande za Jozani hadi mjini. Baada ya kufa kwake lilikaa bandani, kuku wakilala juu ya usukani. Sasa mkwe wake Bi Zuhura, kijana wa Tumbatu aitwaye Makame, alitaka kulitia barabarani tena. Mashine ilikuwa imevuliwa, inatengenezwa kwengine. Kwetu ilibaki rangi. Lori lilikuwa jekundu, na chini ya wekundu lilikuwa la kahawia, na chini ya kahawia kulikuwa na kitu ambacho Bi Zuhura peke yake alikikumbuka.

"Lirejesheni kama lilivyokuja," alisema, amesimama kwenye kivuli cha banda na buibui lake. "Sitaki zuri. Nataka lile."

"Lilikuwa rangi gani, Bi?" Feruzi aliuliza.

"Kijani."

Nilijua kinachofuata.

"Kijani cha nini?"

Bi Zuhura hakusita. "Cha ganda la ndizi mbichi iliyokatwa jana. Si ya leo. Ya jana."

Feruzi alifurahi mpaka akanishika bega. "Umesikia? Huyu hana haja ya vibao."

Makame alikuwa amejiegemeza kwenye gurudumu. "Mama, wapake wanavyojua. Gari la nazi hili, si la harusi."

"Wewe nyamaza, hukuwapo." Bi Zuhura akaenda upande wa dereva, akaweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha. Hapo rangi zote za juu zilikuwa zimelika, na kijani cha kwanza kimetokeza kidogo, laini, kinang'aa kama kokwa lililochezewa. "Alikuwa akikaa hivi," akasema, akaegemeza kiwiko. "Toka asubuhi mpaka jioni. Mlango huu uvueni hizo nguo za juu, lakini msiutie rangi yenu hata kidogo. Gari zima lifuate mlango. Mlango usifuate gari."

Nyinyi mafundi mnaelewa uzito wa agizo hilo. Ukipaka gari lote upya, rangi ikipishana kidogo na ya zamani hakuna atakayejua. Lakini panapobaki kipande cha asili, kimekaa ubavuni kila siku, kila mwenye macho ni hakimu.

Mlango tuliupeleka kichochoroni, Feruzi akiubeba, na kazi ya kuuvua nikapewa mimi. Kwa magadi ungelikwisha siku moja, lakini magadi hula rangi zote bila kuchagua. Nilitumia mafuta ya taa kulegeza, na gamba la dome, nduguye ngisi, kusugua, kwa miduara midogo, nikifuta kila mara. Penye kona nilitumia ngozi ya taa, yule samaki, iliyochakaa kiasi cha kutokwaruza. Wekundu ulikwenda, kahawia ikaja. Kahawia ikakonda, kijani kikaanza kuonekana chini yake kama kitu kilicho ndani ya maji. Hapo unasugua kwa kidole tu. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile, na nnasema hivyo kwa sababu yaliyofuata hayakuwa hivyo.

Ramadhani ilikuwa imeingia kumi la mwisho Feruzi aliposhikwa na homa. Nilikwenda kumtazama Jang'ombe. Alikuwa amelala kitandani, amejifunika shuka mbili katika joto lile.

"Umeshaipata?"

"Nnakaribia, fundi."

"Ukishaipata, itembeze. Usinitie brashi kwenye gari la watu mpaka umeitembeza."

"Naam."

Niliipata siku ya pili yake. Nilichanganya buluu na manjano, nikatia masizi ya taa kuipunguza makali, kijiko kwa kijiko. Nikatia tone kwenye ukingo wa ndani wa mlango, mahali ambapo bawaba huficha, nia yangu kulikwangua baadaye. Tone likakauka, likapotea. Nililitafuta kwa jicho nisilione; nikalitafuta kwa kidole ndipo nikalipata. Yeyote aliyewahi kufanya kazi hii anaijua furaha hiyo.

Jambo moja niliona na sikulitia maanani. Jirani wa mbele yetu alikuwa anapaka chokaa ukuta wake kwa ajili ya Idi, kama wafanyavyo watu wote, na kama wengi alitia nili, ile buluu ya kufulia nguo, kwenye chokaa ili weupe uzidi kung'aa. Niligombana naye kwa sababu matone yalirukia kizingiti changu. Kichochoro kile hakikuwa na jua. Mwanga wote ulioingia karakanani ulikuwa umeshapiga kwanza ukuta ule. Nilifuta kizingiti, nikarudi mezani.

Nikautia mlango kichwani. Nilikuwa nimefika mlangoni kwetu nilipomwona Bwana Hemedi kwenye kiti cha nduguye, kidevu kimejaa sabuni, uso umeelekea kwangu moja kwa moja. Saidi alikuwa ananoa wembe na amekwisha fungua mdomo.

Nilirudi nyuma hatua moja, nikauweka mlango chini.

Nikajiambia kuwa tone limepotea, hesabu imetimia, na rangi iliyokwisha patana haina haja ya matembezi. Alasiri ile Bwana Hemedi hakuondoka. Kesho yake alfajiri nikamwita hamali mwenye mkokoteni, tukauzungushia mlango magunia na kamba, tukaupeleka bandani kama mzigo wa karafuu. Hakuna aliyeuliza kitu. Nilijiona mjanja.

Bandani niliteremsha turubai pande zote kuzuia vumbi, nikapaka lori lote, nikasugua, nikapaka tena. Mlango niliufungua na kuutia mahali pake siku ya mwisho, kwenye mwanga ule ule wa chini ya turubai, ambamo hata kinyonga angelionekana wa rangi moja. Bi Zuhura na Makame wakaja siku chache kabla ya Idi. Tukalisukuma lori nje.

Jua la alasiri likalipiga. Lori lilikuwa rangi ya ndimu changa, kali, lenye kupiga kelele. Mlango wa dereva ulikuwa rangi ya ganda la ndizi mbichi iliyokatwa jana. Palipokutana viwili hivyo paliniuma macho.

"Ala," alisema Makame. "Wamekupa mlango wa gari jengine."

Nilitarajia Bi Zuhura aseme kuwa rangi yangu imekosea. Nilikuwa tayari kwa hilo. Alilizunguka lori polepole, akasimama mbele ya mlango, hakuugusa.

"Mlango wa Vuai uko wapi?"

"Ndio huo, Bi."

"Mwanangu, huu si wake. Wake ulikuwa wa rangi ya gari."

"Mlango ni ule ule. Mimi ndiye niliyekosea gari."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Gari zima likosee, mlango mmoja upatie?"

"Tazama hapo palipolika. Ni kiwiko chake."

"Kiwiko kila dereva anacho," alisema Bi Zuhura, akajifunika uso kwa ukaya wa buibui, akaenda kukaa kivulini akitupa mgongo.

Nimejaribu mara nyingi kueleza vizuri kilichotokea pale. Rangi mbaya iliyopakwa vizuri ilikuwa kubwa kuliko rangi ya kweli, ikaifanya ya kweli ionekane ya uongo. Kitu kimoja tu cha mumewe ndicho alichotuomba tumtunzie, na mimi nilimvunjia imani nacho bila kukitia hata mkwaruzo.

Asubuhi yake Makame alikwenda Jang'ombe akarudi na Feruzi, aliyejifunika shuka, amekonda shingoni. Feruzi alilitazama lori muda mfupi tu. Kisha akaingia kichochoroni, nasi nyuma yake. Alipofika kizingitini petu akavua kofia yake nyeupe, akainyoosha mbele yangu.

"Hii rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe ya nini?"

Nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa samawati, kama maji ya kufulia. Nikageuka nikauona ukuta wa jirani na chokaa yake ya nili.

Makame hakuwa na haja na kofia. Alimwendea Saidi Kinyozi. "Wewe unakaa hapa kutwa. Mlango wetu ulitoka humu au haukutoka?"

"Milango ya Feruzi naijua yote," Saidi alisema, na safari hii hakutania. "Huo wenu uliingia, niliuona, nikausalimia. Kutoka sikuuona. Ungelipita hapa ningekula kiapo mbele ya kadhi."

Feruzi akanigeukia. "Hukuutembeza?"

"Sikuutembeza."

"Kwa nini?"

Ningeliweza kusema habari za Idi na muda kuwa mfinyu. Bwana Hemedi alikuwa amekaa palepale. "Niliona haya, fundi."

"Haya ya nini?"

"Ya kubeba mlango mbele za watu."

Feruzi aliivaa kofia yake kwa mikono miwili, polepole, akaisawazisha. "Mie nimebeba miaka yote hii," akasema. "Na wewe nyuma yangu."

Hakunifokea, hakunifukuza. Alikuwa amefahamu kwa nini siku zote nilikuwa nikitembea mbali naye, na mimi nilimwona akifahamu.

Kwa Bi Zuhura alisema maneno machache. Alimwomba radhi kwa rangi na kumwambia tutalivua lori lote na kulipaka upya baada ya Idi.

"Rangi si kitu," Bi Zuhura alimjibu. "Nnataka mlango wangu. Ukija mlango wangu, sitasema kitu mahali."

"Utaupata mlango wako, Bi."

Wiki ya Idi, watu wamevaa nguo mpya na watoto wamejaa vichochoroni, nilikwenda uwanjani nikaufungua mlango ule kutoka kwenye lori, nikautia kichwani, nikapita nao mji mzima hadi kwetu. Saidi alikuwa kitini pake, mikono haina kazi.

"Huo nao umeposwa?"

Nilitafuta jibu la kama Feruzi. "Umeachwa," nikasema. "Nnaurudisha kwao."

Watu walicheka vya kutosha. Bwana Hemedi hakucheka.

Safari hii tulichanganya uwanjani, Feruzi amekaa kwenye kibao na shuka yake, mimi nikisaga. Alikwangua chembe ya kijani cha zamani chini ya bawaba, akaisugua kwa mafuta kwenye kidole gumba, akaninyooshea. "Hapa hamna buluu," alisema. Alikuwa sawa. Rangi ile ilitengenezwa kwa unga ulio kijani wenyewe, mzito, wa udongo, pamoja na masizi. Yangu ilikuwa buluu na manjano. Rangi mbili za asili mbalimbali zinaweza kupatana kabisa kwenye mwanga mmoja na kukosana kwenye mwengine, na hakuna kijiko kitakachokuonya. Macho peke yake ndiyo hujua, tena mpaka uyapeleke kwenye mwanga ambamo gari litaishi. Hilo ndilo somo la kiufundi, na kama mnataka somo tu mnaweza kuishia hapa.

Nilibeba mlango kurudi kichochoroni ili tuone na huko, nikautoa tena, asubuhi, adhuhuri na alasiri, siku kadhaa, hata Saidi akachoka kuusemesha. Lori tulipolitoa bandani mara ya pili, Feruzi alipitisha mkono kutoka kwenye boneti hadi mlangoni amefumba macho, kisha akayafumbua, akatikisa kichwa kukubali.

Bi Zuhura alikuja na Makame. Alisimama mbali kwanza. Kisha akaenda moja kwa moja upande wa dereva, akaweka kiganja kwenye ukingo wa dirisha, akaegemeza kiwiko palipolika, akakaa hivyo muda, uso ameuelekeza barabarani.

"Huu ndio," alisema. Akamgeukia Feruzi. "Mmefanya vyema kuurudisha. Mungu atawasamehe."

Nilifungua mdomo. Feruzi alinitangulia.

"Ahsante, Bi."

Lori lilipoondoka nilimwambia kuwa ilitupasa kumweleza. Kadiri rangi yetu ilivyokuwa sahihi, ndivyo alivyozidi kuamini kuwa tuliuficha mlango wake na kuurudisha tulipogunduliwa.

"Mwache," alisema Feruzi. "Kaupata mlango wake."

"Na jina letu?"

"Jina langu," alinisahihisha, akaenda kuosha brashi.

Bi Zuhura alitimiza ahadi, hakusema kitu mahali. Makame hakuwa ameahidi. Alikuwa dereva, na kila aliposimama kupakia nazi alikuwa na kisa cha kusimulia, na lori lenyewe lilikuwa ushahidi wake. Kazi haikukatika, lakini ilibadilika tabia. Mteja mmoja alifunga uzi mwekundu kwenye bawaba ya mlango wake kabla ya kutuachia. Mwengine alikaa na mlango wake kutwa nzima, akila njugu, hakubanduka. Feruzi alimletea kiti. Mimi nilikuwa nikisaga mezani na sikuweza kuinua uso.

Bwana Hemedi alituma jibu kwamba binti bado mdogo. Aliolewa na mwengine kabla ya mwaka kuisha.

Nilibaki na Feruzi mpaka mwisho wake, miaka mingi, na kila mlango uliotoka mle niliubeba mimi. Siku ya mazishi yake, tukiwa tunarudi kutoka kaburini, wanaume wawili nisiowajua walikuwa nyuma yangu.

"Ndiye yule fundi wa mlango wa Bi Zuhura?"

"Ndiye. Lakini aliurudisha, Mungu amrehemu."

Nilikwenda Mbweni wiki ile. Bi Zuhura alikuwa mtu mzima sana, anatembea kwa kushika ukuta. Lori lilikwisha uzwa na kukatwakatwa, lakini mlango alikuwa ameubakisha, umeegemezwa ukumbini kwake, chini ya dirisha. Alinikaribisha kwa chai na mihogo ya nazi. Nikamweleza yote kwa mpango, kama ninavyowaeleza nyinyi: ukuta, nili, kofia, Bwana Hemedi na sabuni yake, magunia ya alfajiri. Nikamwambia kuwa mlango ulikuwa mmoja tangu mwanzo na Feruzi hakuwahi kumchukulia mtu kitu. Alisikiliza bila kunikata.

"Kumbe ulikuwa unaposa," alisema.

"Naam."

"Ulimpata?"

"Sikumpata, Bi."

"Maskini." Akanisogezea sahani. "Kula, mwanangu. Yale nilishasamehe zamani. Siku ile ile mliyourudisha."

Nilimkumbuka Feruzi uwanjani. "Ahsante, Bi," nikasema, nikala.

Nilipoaga aliniomba kazi moja. Mlango ulikuwa unaota ukungu kwa kukaa gizani, na hakukuwa na mtu nyumbani wa kuutoa juani. Niliukunjia kata kwa kitambaa, nikauinua kichwani, nikatoka nao kwenye mwanga mkali wa saa sita. Majirani walikuwa wamekaa uani mwao wakimenya mihogo. Mwanamke mmoja, mtu mzima wa kutosha kukijua kisa kile, alisimamisha kisu.

"Bi Zuhura," aliita, "mlango wako huo unaondoka tena?"

Bi Zuhura alikuwa amejishika kwenye fremu ya mlango wa nyumba, macho ameyafinya kwa jua, ananitazama nikipita mbele za watu wote.

"Mwache," alijibu. "Anautembeza tu."